Kijiko Nilichochelewa Kununua

Watu hunijia kuniuliza kama inafaa kununua kijiko cha kuchimbia, kile cha kufunga nyuma ya trekta la nyumbani. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa Murukulazo. Alikuja na pikipiki, akakaa barazani kwangu na daftari mapajani. Nikamweleza ya kitaalamu. Apime kwanza uzito wa trekta lake. Ahakikishe pampu inasukuma mafuta ya kutosha. Kijiko kisining'inie kwenye mikono mitatu ya nyuma peke yake, kiwe na fremu ya chuma inayopita chini ya trekta, la sivyo siku moja atasikia mlio mkubwa na trekta litakatika kiunoni. Akaandika yote. Kisha akaniuliza, "Na wewe, mzee, ulichukua muda gani kuamua?"

"Miezi mitano," nikasema.

Akasema hiyo ndiyo busara, watu wengi wanakurupuka.

Mimi nilikuwa bwana shamba. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilizunguka vilima vya Ngara nikiwaambia watu wapande kwa nafasi, wachimbe makingamaji, wasinunue mbegu wasiyoijua. Kazi hiyo ilinifundisha kusita. Nilipostaafu nilirudi nyumbani Bugarama, kwenye migomba ya baba yangu, nikanunua trekta lililotumika. Vilima vyetu havilimiki sana kwa trekta, kwa hiyo kila msimu lilikuwa linateremka Biharamulo, hadi Nyamahanga, kuwalimia wafugaji na wakulima waliohamia huko kutoka Mwanza na Shinyanga. Lilikuwa linalala uani kwa mzee mmoja wa Kisukuma, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Msimu ukiisha linarudi nyumbani.

Tulijaliwa watoto watatu. Wavulana wawili walioa na kuhamia mjini. Wa katikati alikuwa binti, naye ndiye aliyetushangaza. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda chuo cha ufundi akasomea kuendesha mitambo. Mimi nilidhani ni ushonaji. Aliporudi likizo ya kwanza akanionyesha picha kwenye simu: ameketi ndani ya mtambo wa manjano, kofia ngumu kichwani, anacheka. Mama yake aliishika ile simu muda mrefu. Mimi niliuliza kama huko chuoni kuna wasichana wengine. Akasema yuko peke yake.

Alifanya kazi ya kuchimba mitaro ya barabara mikoani, miaka saba. Alikuwa anatuma sabuni na vitenge, na kila Krismasi alikuwa anakuja siku nne.

Kisha mama yake akaanza kuumwa. Ulikuwa uvimbe tumboni. Walimpasua, wakamshona, wakatuambia kwa upole kwamba tumpeleke nyumbani, ale anachokitaka. Binti yangu aliomba likizo ya kumwuguza mama, akafika mwezi wa kwanza na begi moja. Aliingia jikoni bila kuvua viatu, akamkuta mama yake ameinama anamimina maji kutoka kwenye ndoo aliyoibeba mwenyewe.

"Mama, bado unateka maji bondeni?"

"Sasa nani anitekee? Baba yako?"

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa mlangoni. Ni kweli, tangu nilipomwoa nikamleta hapa nyumbani, mke wangu alikuwa anateremka bondeni kuteka maji asubuhi na jioni. Lakini juu yetu, kwenye kilima nyuma ya nyumba, kuna chemchemi isiyokauka. Kitongoji kilishaturuhusu kuchukua maji pale, mabomba ya plastiki nilishayanunua na yalikuwa yamelala chini ya migomba. Kilichobaki ni mtaro wa kuyafukia, wa kina cha kutosha ili jembe la mtu lisiyakate na moto wa kiangazi usiyayeyushe. Niliwahi kuwaweka vibarua. Walichimba hadi katikati, wakakuta mkanda wa mawe, sururu zikawa zinarusha cheche. Siku ya tatu hawakurudi. Hiyo ilikuwa miaka minne nyuma. Nikasema nitatafuta njia nyingine, na maisha yakaendelea.

Binti alipanda kilimani kesho yake, akaufuata mtaro wetu uliokufa hadi kwenye mawe, akayapiga kwa kisigino. Aliporudi aliniambia, "Baba, haya si mawe ya kutisha. Yamelala kwa matabaka. Ukipata kijiko cha kufunga kwenye trekta lako, nakumalizia kwa wiki moja."

Nikamwambia kijiko cha trekta dogo si mtambo wa barabarani. Akasema anajua, ameshavitumia. Nikamwuliza vinapatikana wapi. Akasema kipo kimoja Nyamahanga, kwa yule mzee ambaye trekta linalala kwake; amemsikia dereva wetu wa trekta akisema kwamba mzee alikinunua achimbe lambo la ng'ombe, lambo likaisha, trekta lake likafa, na kijiko kimekaa tu zizini kuku wanataga ndani yake.

Tulikwenda kukiona mwezi wa pili, msimu wa kulima. Nilikodi gari dogo kwa sababu mke wangu alisema na yeye anakwenda. Nikamwambia ni mbali, atachoka. "Nimechoka na kitanda," akasema. "Acha nichoke na barabara." Alivaa kitenge chake cha kanisani.

Mzee wa Nyamahanga alitupokea vizuri. Alitusalimu kwa Kisukuma, akacheka tuliposhindwa kujibu, tukaendelea kwa Kiswahili. Binti akapiga goti kidogo, "Shikamoo babu," naye akaitika marahaba huku akitazama buti zake. Walituletea maziwa mgando na michembe ya kuchemsha, vile viazi vyao vya kukausha. Mke wangu, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amekula kitu cha kuonekana, alikula bakuli zima.

Kukifunga kile kijiko kwenye trekta letu kulichukua karibu saa mbili. Binti ndiye aliyeelekeza. Alilala chini ya trekta, akaomba spana, akamkaripia dereva kwa kukaza boliti kabla ya kuweka pini. Mzee alisimama kando na fimbo yake mabegani.

"Huyu ni mtoto wako wa kumzaa?" akaniuliza.

"Wa kumzaa."

"Una bahati," akasema.

Binti akawasha, akageukia nyuma, akashika vishikio vinne vya kukiongozea kijiko. Nilishawahi kuona wanaume wakichimba kwa kijiko, mkono unaruka, trekta linayumba. Wake haukuruka. Ulijikunja taratibu, meno yakaingia ardhini pembeni mwa lambo, ukainua udongo, ukaumwaga upande mmoja kwa upole kama mtu anayemwekea mgeni chakula. Shimo likatokea, kuta zake zimenyooka. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda chini ya kivuli cha nyumba. Akapiga makofi. Akasema kwa sauti, "Tazama! Anachota kama uji!" Binti akamsikia licha ya muungurumo, akacheka hadi akalazimika kusimamisha mkono.

Nimewahi kuwaona wakicheka hivyo mara chache sana. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nilichokuwa ninakitazama ni magurudumu ya mbele, kama yanainuka.

Mzee akaniambia nikichukue tu, tutaelewana baada ya mavuno. Nikamshukuru. Nikamwambia nitafikiri.

Njiani kurudi binti alikuwa anaongea kama mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Tukimaliza mtaro wetu, akasema, kuna mashimo ya vyoo vya shule, kuna mitaro ya barabara za vijiji, kuna malambo huku chini; kila mfugaji anataka lambo. Kazi haiishi. Nikamwuliza, "Na wewe ukiondoka nani atakiendesha?"

Akanigeukia. "Nani kasema naondoka?"

Nilisikia maneno hayo. Nayakumbuka na mahali tulipokuwa, kwenye mteremko, gari limepunguza mwendo kupisha ng'ombe. Nikajibu kwamba mafuta ya haidroliki ya kijiko kile yalikuwa meusi na huenda pampu imekwisha.

Nyumbani, wakati wa chakula cha jioni, mke wangu aliniambia, "Mnunulie, mzee."

"Trekta halitahimili."

"Sikuzungumzia trekta."

Nilielewa alichokizungumzia. Nilijifanya sikuelewa. Hapa ndipo panaponiuma kuandika. Mashaka yangu juu ya trekta yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa yote. Jumapili moja baada ya misa, ndugu yangu mmoja, mkubwa kwangu, alinivuta kando ya ukuta wa kanisa. Alikuwa amesikia habari za Nyamahanga. "Binti mtu mzima, karibu miaka thelathini, hana mume, na sasa unataka awachimbie watu vyoo? Hapa hapa, mbele ya macho yetu? Huko mbali alikokuwa ni sawa, hatumwoni." Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na maneno, nimezungumza kwenye mikutano maisha yangu yote. Nilisema, "Bado sijaamua."

Na kweli sikuamua. Nilikwenda Ngara mjini kwa fundi, akasema kijiko kinafaa ila tuweke vyuma vya uzito mbele na fremu chini. Nikasema nitatafuta maoni ya fundi wa pili. Mvua zikaja, nikasema udongo umelowa, tusubiri. Ikaja Pasaka. Ikaja palizi. Binti aliniuliza mwezi wa tatu, akaniuliza tena mwezi wa nne. Kuanzia hapo hakuniuliza. Alichukua ndoo akawa anateka maji bondeni mwenyewe, asubuhi na jioni, njia ile ile ya mama yake, na buti zile za kazini. Akirudi anamwogesha mama yake, anamgeuza, anamsimulia habari za mitambo kana kwamba ni hadithi za watu. Mke wangu alijua majina ya sehemu zote za kijiko. Siku moja nilimkuta amelala macho yamefumbwa akinong'ona, "Bumu, kisha mkono, kisha ndoo," na binti anamwambia, "Vizuri, Mama, sasa geuza."

Alifariki mwezi wa saba, asubuhi, binti akiwa anamnywesha uji. Nilikuwa nje nawatazama mbuzi. Hakuniita kwa kelele. Alitoka mlangoni na kijiko cha chai mkononi, akasema, "Baba, njoo."

Mwezi wa saba kwetu ardhi ni kama tofali. Tulichagua mahali pa kumzika kwenye migomba, upande wa juu, karibu na wazazi wangu. Wanaume wa kitongoji walianza kuchimba mchana huo. Walipofika kiunoni wakakutana na mkanda ule ule wa mawe unaoshuka kutoka kilimani. Wakachimba kwa zamu hadi giza, wakaendelea kulipokucha. Saa nne asubuhi walikuwa bado. Waombolezaji walijaa, padri alifika, naye alikuwa na misa nyingine mbali. Jeneza lilikuwa sebuleni. Kutoka ndani tulikuwa tunasikia sururu zikigonga: ngo, ngo, ngo. Kila pigo nililisikia.

Binti alikuwa amekaa chini pamoja na akina mama, amejifunika kitenge. Akasimama. Nilimwona akipita katikati ya watu, amevua ndala, akaenda moja kwa moja hadi kaburini. Aliwaomba wale wanaume sururu. Walidhani anataka kuiweka kando. Akaruka ndani.

Hakuwa anapiga kama wao. Alitafuta ufa kwa vidole, akaingiza ncha, akakandamiza mpini, na bamba la jiwe likainuka. Akaliweka pembeni. Akatafuta lingine. Wanaume wakampisha, wakimtazama. Nadhani wangemwacha. Kisha ndugu yangu akaanza kulalamika kwa sauti, mwanamke kaburini, kwetu haijawahi kuonekana, ni mkosi gani huu. Watu wakanigeukia mimi.

Nikasogea hadi ukingoni. Nikamwambia, "Toka humo. Unatuaibisha."

Aliinua uso. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Baba," akasema, "hii ndiyo kazi pekee ninayoijua. Niache nimfanyie Mama."

Nikanyoosha mkono nimtoe. Akautazama ule mkono. Akaiegemeza sururu kwenye ukuta wa kaburi, akapanda mwenyewe upande wa pili, akarudi kukaa na akina mama. Wanaume walimalizia saa nane. Padri alikuwa ameshaondoka. Katekista ndiye aliyemzika mke wangu.

Tulipomaliza msiba binti akafunga begi lake. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilimwuliza kama ana nauli, akasema anayo. Nilimwuliza kama kule kazini bado wanamsubiri, akasema atajua akifika. Akaniambia nisisahau kula. Hayo tu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Nyamahanga na dereva na trekta. Kijiko kilikuwa pale pale. Yule mzee alinipa pole, tukakaa muda mrefu kivulini, wenzetu hawa wanajua kukaa na mtu. Mwishowe akaniuliza, "Na yule binti yako, fundi?"

"Amerudi kazini."

"Sasa unakinunua cha nini?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya mtaro wa maji. Akaitikia kwa kichwa. Tulikifunga kwa siku nzima, bila binti yangu.

Nilipofika nyumbani nilimpigia binti simu. Nilikuwa nimejizoeza maneno njiani. "Nimekileta kijiko," nikasema. "Kipo hapa uani."

Nilimsikia akifunga mlango huko aliko.

"Baba, mwezi wa tatu niliwaambia kazini kwamba sirudi. Niliwaambia nimepata kazi nyumbani. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia kwenye gari."

Nikamwambia arudi. Nilisema wazi, rudi nyumbani mwanangu, kijiko ni chako. Akasema amesaini mkataba mpya, kusini, mbali, miaka miwili. Alisema hawezi. Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka. Kisha akaniuliza kama nimeweka vyuma vya uzito mbele.

Mtaro niliuchimba mimi, mtu wa miaka sitini na minne, nikiwa na simu mfukoni. Jioni nilikuwa nampigia akinielekeza: usivute kwa nguvu, tafuta ufa, anza juu ya tabaka siyo chini yake. Kazi aliyosema ataimaliza kwa wiki moja ilinichukua miezi miwili. Nilipasua bomba la haidroliki mara mbili. Nilikaribia kulipindua trekta kwenye mteremko, nikashuka nikakaa chini, nikalia pale, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikia. Lakini yale mawe yalikuwa yanainuka, kama alivyosema siku ya kwanza. Yalikuwa yamelala kwa matabaka.

Maji yalifika uani siku ya Jumatano. Niliwapigia wavulana wangu, wakanipongeza. Nilimpigia binti, akasema, "Vizuri, Baba." Nikafungua bomba, ndoo ikajaa, sikujua niipeleke wapi. Jikoni hapakuwa na moto.

Binti alikuja kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mama yake afariki. Alipewa siku tatu. Ndugu yangu alimsalimu naye akamwamkia kwa heshima, kama vile hakuna kilichotokea. Baada ya wageni kuondoka alipanda kilimani peke yake, akaufuata mtaro mzima. Aliporudi akaniambia umepinda kidogo pale kwenye mawe, lakini hauna tatizo. Akavaa buti, akapaka grisi pini za kijiko, akakaza boliti nilizoziacha zimelegea. Nilimwomba akiwashe achimbe kidogo, shimo la takataka nyuma ya nyumba. Akasema nguo zake ni za safari.

Asubuhi ya kuondoka tulisimama barabarani, ukungu bado uko bondeni. Nilimwambia yale ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba zaidi ya trekta kuvunjika, niliogopa maneno ya watu. Kwamba pale kaburini nilikuwa ninajionea aibu mimi mwenyewe, nikamtupia yeye. Kwamba mama yake aliniambia nami nikakataa kuelewa. Nikamwomba anisamehe.

Alinisikiliza hadi mwisho, ameshika mkanda wa begi. Kisha akanigusa bega, kama mtu anavyomgusa mgonjwa.

"Nimekusikia, Baba," akasema.

Gari likaja, akapanda. Nilibaki pale hadi jua likaondoa ukungu, kisha nikarudi nyumbani kulisha mbuzi.